Tupeane uzoefu: maneno na nahau za Kichina za "kukauka" mliyashikaje?

Mwanagenzi wa Kimara: Habari zenu wakuu. Mwalimu ametupa orodha ya msamiati wa kukauka, na kwangu hapa ndipo Kichina kinaponoga. Nahau zilizonikaa kichwani ni zile ninazojua kisa chake, nyingine zote zinapeperuka. Ninyi wenzangu mlizishikaje?

Mpemba wa Wete: Mie nilianza na samaki. *Hé zhé zhī fù* (涸辙之鲋) imetoka katika kitabu cha Zhuangzi. Zhuang Zhou, ndiye huyo huyo Zhuangzi, mwanafalsafa wa kale wa China, kaishiwa, kaenda kuazima nafaka kwa bwana mkubwa mmoja. Akaambiwa, ngoja nikusanye kodi, nitakukopesha dhahabu mia tatu. Kwa hasira akamsimulia: njiani nimemkuta samaki kwenye mtaro uliochimbwa na magurudumu, maji yamemkaukia, anaomba kidogo tu aishi. Nikamwambia naenda kusini kwa wafalme wa Wu na Yue, nitakuletea Mto wa Magharibi mzima. Samaki akajibu: basi kanitafute kwenye duka la samaki wakavu!

Hao samaki wakavu wameandikwa 枯鱼. Mie nimekulia kwenye ng'onda, nguru kapasuliwa, katiwa chumvi, kaanikwa juani. Herufi 枯 haijanitoka tangu siku hiyo. Nahau yenyewe husemwa juu ya mtu aliye taabani, anayetaka msaada sasa hivi.

Mama Biashara, Guangzhou: Asante kwa kisa, kaka. Huku kusini mwa China mwalimu wangu ni unyevu. Kuna kipindi kinaitwa *huínántiān* (回南天), baridi inapoisha, upepo wa joto unatoka kusini na kuta zinatiririka maji. Unaanika nguo leo, kesho bado mbichi. Jirani yangu, mama wa makamo, ndiye aliyenifundisha pale pale kwenye roshani: *liàng* (晾) ni kuanika zipigwe na upepo, *shài* (晒) ni kuanika juani, *hōnggān* (烘干) ni kukausha kwa joto la mashine. Wageni wengi wanasema *gān* kwa kila kitu. Wanaeleweka, ndiyo, ila dukani ukitafuta mashine ya kukaushia nguo, taja *hōnggānjī*, hawatakuzungusha. Na toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, muichunge: *gān* ni kavu, *gàn* ni kufanya, na kwa maandishi yaliyorahisishwa yote ni 干.

Mwalimu Dodoma: Wanafunzi wangu huwa nawaambia watazame upande wa kushoto wa herufi. 枯 ina mti, maana yake kunyauka. 涸 ina maji, ni mto au kisima kukauka. 燥 ina moto, ndiyo ile ya *kǒu gān shé zào* (口干舌燥), mdomo na ulimi kukauka. 晒 ina jua. Ukishaona hivyo, nusu ya orodha umeimaliza.

Msoma Habari: Mimi ni ukame wa 2022 kwenye Mto Yangtze. Kila taarifa ilikuwa na *gānhàn* (干旱), ukame, na *kūshuǐqī* (枯水期), kipindi cha maji kupungua. Ziwa Poyang lilinywea, na kule Chongqing maji yaliposhuka zikaonekana sanamu za Buddha juu ya mwamba. Nikaielewa *shuǐ luò shí chū* (水落石出), maji yakishuka mawe huonekana, yaani ukweli kujulikana. Sisi wa pwani tunaoishi na maji kujaa na kupwa hatuna haja ya kuikariri.

Mwanagenzi wa Kimara: Nashukuru sana. Na ya mapenzi je? *Hǎi kū shí làn* (海枯石烂) inasemwa kweli au iko vitabuni tu?

Mama Biashara, Guangzhou: Inasemwa, mdogo wangu, hata harusini: bahari ikauke, mawe yaoze, mimi na wewe tu.

Binti Tanga: Naongeza *jié zé ér yú* (竭泽而渔), kukausha bwawa ili uvue samaki wote, mwakani utavua nini? Niliitumia kwenye insha kueleza uvuvi wa baruti huku kwetu, na mwalimu Mchina akaelewa bila maelezo ya ziada. Mwenye nahau ya namna hiyo kuhusu ukataji wa misitu anipe, insha ijayo ni ya mazingira.