Nimeacha begi porini Saadani baada ya kutimuliwa na tembo, nirudi au niache? Naombeni ushauri

Mtoto wa Getini
Wakuu habari za jioni. Sijalala vizuri tangu Jumapili. Mimi na jamaa yangu tulienda Saadani, ile hifadhi ambayo wanyama wanashuka mpaka Bahari ya Hindi, tukalala pale kijijini kwa wavuvi. Asubuhi maji yamekupwa, mchanga mgumu unatembea kama lami, tukaamua kupiga mguu ufukweni kuelekea kaskazini. Kama saa moja na nusu hivi jua likawaka, nikatundika begi kwenye tawi la mvinje nikaingia kuoga. Natoka majini namsikia jamaa ananiita kwa kunong'ona, na yule mtu huwa hajui kunong'ona. Kucheki, tembo watatu kwenye vichaka, hatua kama thelathini toka begi lilipo, mmoja ana mtoto. Huyo mwenye mtoto alikuwa ananguruma kwa chini mpaka unamsikia. Akatanua masikio, tukatoka nduki, ndala nimeziacha hapohapo. Swali: nirudi kuchukua begi au nisamehe? Matusi sitaki.

Kaka wa Mbagala
Kosa la kwanza ni kukimbia. Tembo anafika kama kilomita 40 kwa saa, wewe na hicho kitambi unaenda wapi? Akitanua masikio na kutikisa kichwa mara nyingi anakutisha tu, unarudi nyuma taratibu huku unamwangalia. Akilaza masikio na kukunja mkonga, hapo ndugu yangu andika wosia. Na huyo mwenye mtoto ndio kabisa. Upepo ulikuwa unatoka wapi?

Shangazi Tumu
Pole mwanangu. Ila Jumapili asubuhi wenzio wako ibadani wewe unaoga na tembo. Shukuru Mungu, toa sadaka, begi litanunuliwa lingine.

Konda Mstaafu
Umenikumbusha mbali. Mwaka huo basi lilituzimikia katikati ya Mikumi usiku, abiria mmoja kabanwa na haja ndogo tukamwambia bana mzee akasema siwezi, akashuka akaenda nyuma ya gari, kumbe anachokiegemea sio gari. Alirudi kupitia dirishani, tena dirisha la dereva, na mpaka Morogoro hajasema neno. Haja yenyewe aliimalizia wapi hatukuuliza.

Fundi Mnyoofu
Mleta uzi, mlikuwa na askari? Kutembea kwa mguu hifadhini lazima uende na askari mwenye silaha.

Mtoto wa Getini
Getini tulilipa kila kitu. Askari hatukumchukua, tuliona ufukweni tu pale, hatuendi porini.

Fundi Mnyoofu
Sawa. Sasa si upige simu ofisini kwao waseme askari akupitie begi? Kwani lina nini?

Mtoto wa Getini
Nguo, chaja, taulo. Vitu vya kawaida.

Chuma Chakavu
Mtu hakosi usingizi siku tatu kwa taulo 😂😂 sema ukweli, kuna nguo za nani humo?

Fundi Mnyoofu
Mkuu, tukupe ushauri gani kama unaficha?

Mtoto wa Getini
Haya. Kuna kitambulisho changu cha NIDA. Na kuna jino la kiboko. Nililiokota kwenye mchanga pale kijito kinapoingia baharini. SIJAUA MTU WALA MNYAMA. Nilitaka liwe ukumbusho nyumbani. Kuna kijana wa boda anaijua njia ya pembeni, tumeshaongea, elfu arobaini kwenda na kurudi.

Wakili wa Kibarazani
Aisee. Hiyo ni nyara ya serikali, iwe umeua au umeokota. Soma sheria ya wanyamapori ya 2009. Watu wameshapigwa miaka 20 kwa kukutwa na nyara, na kesi inasomwa kama uhujumu uchumi, dhamana yake sio ya mchezo. Umetundika ushahidi mtini na kitambulisho chako ndani. Nenda kaseme mwenyewe kabla hawajakuita, tena kwanza tafuta wakili wa kweli, sio mimi.

Mtoto wa Getini
Mbona kila nyumba Pwani ina makombe na magamba ya kasa sebuleni? Kiboko mwenyewe kashakufa zamani. Nikienda na boda nalitupa jino baharini, nachukua kitambulisho, nani atajua?

Wakili wa Kibarazani
Na kasa nao wanalindwa. Halafu nani atajua? Umeandika hapa.

Mpelelezi Huru
Jamani mnalishwa chai. Akaunti ina siku mbili, picha hakuna hata moja, tembo wa Saadani waoga kinoma, mimi nimeenda mara mbili nimeambulia ngiri na twiga. Huyu anapima kina, kesho mtaona "nani ananunua jino".

Bahari Beach Boy
Tembo kushuka ufukweni Saadani ni kweli, ila ni bahati. Wavuvi wanaamka wanakuta mavi yao kwenye mchanga. Mleta uzi, hilo jino likoje? Mwongo atajulikana.

Mtoto wa Getini
Limepinda kama mundu, lina mifereji kwa urefu, mwisho limesagika kama patasi. Rangi yake kama chai ya maziwa.

Mpelelezi Huru
Umeitaja mwenyewe, chai 😂

Kaka wa Mbagala
Bado hajajibu upepo ulikuwa unatoka wapi.

Bahari Beach Boy
Hilo jino kalishika kweli huyu. Dogo, achana na boda. Njia hiyo ya pembeni askari wanaijua kuliko huyo kijana.

Shangazi Tumu
Na huyo rafiki yako anasemaje? Mama yako anajua?

Mtoto wa Getini
Jamaa hapokei simu zangu. Kijana wa boda kashatuma meseji, kesho maji yanakupwa saa tano. Mods naomba mfute uzi.

Chuma Chakavu
Skrinishoti tunazo mkuu. Halafu wadau, kiingilio cha Saadani kwa Mtanzania siku hizi bei gani? Nataka nipeleke familia Pasaka.