Mbwa mwoga wa shelta: nimchukue au nichukue yule mchangamfu?

BabaZai_Mishomoroni
Salaam jamani, naomba ushauri manake nyumbani tumegawanyika. Mimi nafanya zamu za usiku bandarini, nyumbani huachwa mke wangu, mama mkwe na watoto, na mwaka huu wezi washaingia uani mara mbili, mara ya kwanza wakabeba mtungi wa gesi, mara ya pili kuku wanne na jogoo wao. Nikasema basi, mbwa. Mwenzangu kazini akaniambia mbwa wa kununua achana nao, kuna shelta imejaa mbwa koko waliookotwa barabarani, nenda ukachague.

Tukaenda mimi na bintiangu wa miaka 9. Pale kuna dume mmoja mweusi, kijana, ukifika tu anabweka anarukia waya ataka mchezo. Huyo ndo niliyemtaka. Lakini binti akenda kusimama banda la mwisho kabisa, kando ya tangi la maji, pale hapasimami mtu. Ndani kuna jike la kahawia, sikio moja limeraruka, amejikunyata kwenye kona uso ameuelekeza ukutani, mkia ameufyata mpaka tumboni. Wahudumu wamemwita Kachri, waliniambia waliomuokota kule Lighthouse ufukweni walimkuta akila kachri (zile krisipi za kukaanga) zilizomwagika. Miezi saba sasa yuko pale hakuna aliemuulizia.

Tushaenda Jumamosi tatu. Ya kwanza nimemuita, nimepiga miluzi, nimetupa mfupa, hakugeuka. Ya pili mhudumu akafungua mlango wa banda niingie, mbwa akajikojolea pale pale alipolala, nikatoka kwa haya. Ya tatu mimi naongea na mhudumu, binti akaketi chini akaegemeza mgongo kwa waya, akatoa daftari akafanya hesabu zake za kugawanya za shule. Hata hakumuangalia. Nageuka hivi namuona Kachri ametoka kwa kona, shingo kainyoosha mpaka imekuwa ndefu, miguu ya nyuma imebaki kule kule tayari kwa kukimbia, ananusa nywele za mtoto. Binti akafungua ukurasa, karatasi ikalia chwaa, mbwa huyoo konani. Tangu siku hiyo mtoto hataki kusikia habari ya yule mweusi.

Sasa, mbwa kama huyu atawahi kuwa mbwa? Uwa wetu umezungushwa mabati na kijumba cha kuku kiko tupu. Na mama mkwe ashasema mbwa akiingia kwa mlango yeye atoka kwa dirisha arudi kwao Lamu.

Tuktuk_Tudor
Hahaha kaka umeibiwa kuku watano halafu wataka mbwa anaekimbia karatasi ya hesabu?? Siku mwizi akiruka yale mabati, mbwa na mama mkwe watagombania uvungu wa kitanda. Chukua yule mweusi. Si roho mbaya, nakwambia ukweli.

MamaViazi_Bamburi
Tuktuk wacha masihara. Baba Zai nisikize mie niliechukua wa aina hiyo hiyo, mwaka wa pili huu. Siku tatu za kwanza alikaa chini ya cherehani yangu, mchana hali, hanywi, hatoki, nikiamka alfajiri naona sahani imelambwa na mavi yako pale mlangoni, nasema alhamdulillahi yuko hai. Watu wa mbwa wana hesabu yao ya tatu tatu tatu: siku tatu amechanganyikiwa, wiki tatu anaanza kujua mambo ya nyumba, miezi mitatu ndo anaelewa hapa ni kwao. Usiishike kama msahafu, wangu alienda karibu miezi mitano, lakini ilinisaidia manake wiki ya kwanza nilikuwa nshashika simu nimrudishe.

Na alilofanya bintiyo ndo dawa yenyewe, tena hakufunzwa na mtu. Mbwa mwoga ukimjia uso kwa uso, macho umemkodolea, umemuinamia na mkono unaelekea kichwani, yeye hajui wataka kumpapasa, yeye mikono aliyoizoea ni ile ya kurusha mawe. Keti chini, mpe ubavu, tazama kwengine. Nyama itupe mbali na wewe, si karibu, aje achukue aende zake, kesho uipunguze hatua moja. Usimfuate kamwe. Mie nilikuwa namenya viazi vyangu vya karai pale chini kila jioni, natupa kipande cha maini yaliyochemshwa, naendelea kumenya, simsemeshi. Siku hiyo nikahisi kitu cha baridi kisiginoni. Pua. Wallahi sikugeuka, nilimenya kiazi kile kile mpaka kikawa kama gololi.

Makosa yangu ni mawili. Kwanza nilimuogesha siku aliyokuja, ati ananuka, wiki nzima akawa akisikia tu ndoo anatetemeka. Pili na hili ndo kubwa, muuza maji alikuja na mkokoteni wake, geti likaachwa wazi anapopitisha madumu, mbwa akatoka kama mshale. Siku mbili nzima namtafuta barabara ya Malindi ile yenye malori, nikampata nyuma ya ghala, na pale pia sikumkamata, nilikaa chini na sufuria ya maini mpaka akaja mwenyewe. Kwa hivyo wiki za mwanzo geti lichungwe kama la benki. Na ukimtoa mvalishe mkanda wa kifua na wa shingo vyote viwili, manake mbwa akiogopa hurudi kinyumenyume na ule wa shingo unachomoka kichwani hivi hivi waona.

msaidizi_wa_veti
Mama Viazi umemaliza, mimi naongeza ya kwetu tu, nafanya kazi na daktari wa mifugo.

Mbwa alojikunyata miezi saba si lazima iwe ni woga peke yake. Huku pwani kupe ni wengi na homa ya kupe humfanya mbwa awe mnyonge tu, hana hamu, fizi nyeupe, wengine damu ya pua. Waulize shelta kama ashapimwa damu, ikiwa bado mpelekeni, ikigunduliwa mapema inatibika. Uliza pia kama ashafungwa kizazi, la sivyo uwa wako utajaa madume ya mtaa mzima kila akipata joto.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hiyo haina mjadala. Mbwa anachanjwa tangu akiwa na miezi mitatu na inarudiwa kila mwaka hapa kwetu, mdai cheti chake uone tarehe. Shirika la Afya Duniani lasema karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu, asilimia 99, vinatoka kwa mbwa, na watoto ni miongoni mwa wanaoumwa sana. Akimuuma mtu au kumparuza, hata kidogo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima kisha hospitali siku hiyo hiyo, msikae kupaka pilipili wala kitunguu. Dalili zikishaanza hapo hakuna dawa tena.

Binti mfunze kusoma mbwa kama anavyosoma hesabu zake. Analamba midomo na hakuna chakula, anapiga miayo na hana usingizi, weupe wa jicho umetokea pembeni, ameganda ghafla hapumui: huyo anasema nipishe. Akinguruma msimchape!! Watu huchapa mbwa kwa kunguruma halafu wanashangaa ameuma bila kuonya, si mmemnyang'anya mdomo wa kuonyea.

Na kwa ulinzi nitakuwa mkweli: usimchukue kwa sababu ya wezi. Wengine hubweka wakishazoea, wengine hawabweki maisha yao yote. Weka taa uani na kaza yale mabati.

MamaViazi_Bamburi
Hapo kwa kubweka niongeze, wangu haumi hata nzi lakini ndo wa kwanza kusikia, paka akikanyaga bati la jirani yeye ashaamka. Anabweka huku anarudi nyuma lol. Mwizi gizani hajui kama huyu anarudi nyuma au anakuja.

kijana_wa_chuoni
Kuhusu mama mkwe, mzee asipuuzwe wala asitoleewe ubishi. Wengi wetu hapa pwani ni Shafi, na katika madhehebu yetu mate ya mbwa ni najisi nzito, mahali palipoguswa panaoshwa mara saba na moja iwe kwa mchanga. Yeye anafikiria mkeka wake wa kusalia, na ana haki. Lakini mbwa mkavu akipita kando ya nguo kavu hapo hakuna cha kuosha, hilo watu hulisahau. Na kufuga mbwa kwa haja, kama kuwinda, mifugo, shamba, imeruhusiwa kwenye hadithi, na wanavyuoni wengi wameingiza ulinzi wa nyumba humo humo. Sura ya Al-Kahf wale vijana wa pangoni walikuwa na mbwa wao, naye ametajwa amenyoosha miguu kizingitini. Kizingitini, si chumbani. Fanyeni hivyo hivyo, mbwa awe wa uani, chombo chake kando, sabuni na ndoo ya mchanga safi pale pale bombani, na bibi apewe neno lake kwamba ndani haingii. Muulizeni na ustadhi wenu wa mtaa, yeye akisema ni tofauti na mkwe akisema.

BabaZai_Mishomoroni
Ahsanteni sana, hii ya ndoo ya mchanga nimempelekea mama mkwe kama ilivyo, amenyamaza kisha akauliza huyo alieandika ni mtoto wa nani. Kwa tunaomjua hiyo ni nusu ya ndio.

Ya damu nimewapigia, hajapimwa, watampima wiki hii. Chanjo anayo, cheti wamenitumia picha. Kuhusu wezi nimekusikia msaidizi, nimenunua taa ile ya sola ya kujiwasha. Sasa mke wangu aniuliza kama tushapata taa mbwa ni wa nini, sina jibu nimemwambia muulize mwanao.

Swali: kula. Shelta anapewa ugali na dagaa. Nikimpa mabaki ya nyumbani?

msaidizi_wa_veti
Endelea na ugali dagaa wiki ya kwanza hata kama mna biriani, ukimbadilishia ghafla na ule woga ataharisha. Baadae matumbo yaliyochemshwa, vichwa vya samaki uvitoe miiba, sawa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inavunjika kama vioo. Vitunguu hapana, kwa hivyo mchuzi wenu hapana. Na tafadhali asipewe panadol eti anaumwa, hiyo kwa mbwa ni sumu.

Nimesahau jambo. Mfunikie kile kijumba cha kuku na gunia pande tatu awe na pango lake, watoto wasimtolee humo. Diwali fataki zinalia mji mzima, na usiku wa mwaka mpya zile honi za meli pale Kilindini unazijua wewe kuliko mimi. Siku hizo afungiwe ndani ya kijumba mapema kabla giza halijaingia.

BabaZai_Mishomoroni
Nimerudi. Leo Jumamosi ya nne. Majibu ya damu yalitoka, ana hiyo homa ya kupe kweli, kaanzishwa vidonge, daktari asema ni kama wiki nne. Yule mweusi ameshachukuliwa na familia moja, nilivyoona banda lake tupu nikasikia nafuu, kumbe nilikuwa nshaamua.

Binti leo alikuja na mtihani mzima wa hesabu, kurasa nane. Alifika ukurasa wa tano Kachri akaja akalala chini, si karibu sana, kama mita moja, lakini uso kautazamisha kwetu. Mara ya kwanza nauona uso wake vizuri, ana doa jeupe kidevuni. Mimi nilikuwa naangalia tangi la maji kama mjinga, shingo inaniuma mpaka saa hizi.

Nimetia sahihi fomu. Anakuja wiki ijayo. Sasa shida moja imebaki: matatu hawatanikubalia na mbwa, bodaboda haiwezekani, ataruka. Watu hubeba vipi?

MamaViazi_Bamburi
Mashaallah! Nimelia na viazi vyangu. Muombe kile kizimba cha kubebea pale shelta, kifunike leso, asione njia.

Tuktuk_Tudor
Nina turubai za pembeni zote mbili nitazifunga, tupite daraja la Nyali asubuhi kabla foleni. Nikujie saa ngapi? Redio nitazima. Lakini akikojoa kwa kiti changu unaosha wewe, mara saba, na mchanga uje nao.