Kikundi: Wajukuu wa Nansio

Neema: Jamani, jamu ya kipaimara cha Tekla ni Jumamosi. Nataka jibu leo, maembe yaje na meli ya kesho kutoka Ukerewe. Maelekezo yanasema vikombe 24 vya embe la vipande, sukari vikombe 12.

Neema: Mmesoma wote. Tiki za bluu naziona.

Juma: Kikombe cha chai au kile cha babu cha uji 😂😂

Neema: Juma usianze. Kikombe cha mapishi, mililita 240. Ndiyo maana nataka twende kwa kilo. Embe la vipande, kikombe kinabeba kama gramu 165. Mara 24, karibu kilo 4. Sukari gramu 200 kila kikombe, kwa hiyo kilo 2 na gramu 400.

Kulwa: Ndoo moja basi imetosha. Lita 20, kilo 20, mengine juisi.

Neema: Lita 20 ni kilo 20 kwa maji, kaka! Maembe mazima yanaacha nafasi katikati. Na kilo 4 ni nyama tupu, bila ganda wala kokwa. Tununue kilo 6 au zaidi.

Mama Tekla: Tukiyaponda kwanza je?

Neema: Hapana dada, tupime kwanza. Ndizi ya vipande kikombe ni gramu 150, ikipondwa inafika 225. Kikombe kilekile! Matunda yanazidi, sukari inabaki ileile, jamu haigandi. Kama ya harusi ya Grace.

Juma: Ile tuliinywa kwa glasi 😂

Kulwa: Ya Grace tena? Nilipewa sufuria bila mizani. Mizani ilikuwa wapi? Muulizeni Doto.

Neema: Tuyaache hayo. Sukari nani?

Neema: Sukari nani jamani?

Doto: Ndo natoka kazini. Mizani alinipa babu mwenyewe kabla hajafariki. Kulwa anajua.

Kulwa: Sijui chochote.

Bibi: Mizani ile babu yenu alipimia sangara, mama zenu wakasoma. Hakumpa mtu. Doto ifikishe kwa Neema.

Mama Tekla: Shikamoo mama.

Kulwa: Shikamoo bibi.

Doto: Shikamoo bibi. Nimesikia.

Doto: Ila Neema, ni ya kuning'iniza, gramu ndogo ndogo haisomi.

Neema: Kilo 4 itasoma. Tunaning'iniza ndoo tupu kwanza, tunaandika uzito wake, kisha tunautoa. Sukari tutapimiwa dukani. Unaileta lini?

Juma: Ioshwe lakini, jamu isinuke sangara 🐟

Mama mdogo Grace: Ndo nafungua simu. Kwani si tulikubaliana nanasi?

Neema: Mama mdogo! Nanasi la vipande nalo kikombe ni kama gramu 165, hesabu ya kilo 4 haivunjiki. Ila ganda na moyo vinakula karibu nusu, kwa hiyo tununue kama kilo 8. Embe au nanasi, semeni usiku huu.

Mama mdogo Grace: Mi nasikiliza mama atakavyosema.

Neema: Bibi? Doto, ni lini?