Barafu ya kuchezea kwa watoto wa miezi 20: midoli inaelea juu, barafu inanata midomoni

MamaPacha_Tabata

Habari za humu wapendwa. Natafuta namna nzuri ya kuwachezesha watoto na barafu, ile michezo ya milango ya fahamu. Ni pacha, miezi 20. Vipande vya trei vinayeyuka kabla mchezo haujaanza, na vikitoka tu kwenye friza vinanata midomoni. Midoli ikigandishwa kwenye kopo yote inajazana juu, chini inabaki barafu tupu. Nitumie chombo gani, maji kiasi gani, wacheze muda gani? Na bibi yao anasema watapata nimonia. Nimjibuje?

Mwalimu_wa_Awali

Dada, vipande vya trei achana navyo kabisa. Kipande cha friji kina ukubwa uleule wa kuziba koo la mtoto, na kinateleza. Kipimo rahisi: chukua kile kigogo cha katikati ya toileti pepa. Chochote kinachopita humo si cha mtoto wa chini ya miaka mitatu, iwe barafu au mdoli uliomo ndani ya barafu. Unachotaka ni bonge.

Tafuta kopo la plastiki la lita 1 au 2, mdomo wake uwe mpana kuliko kitako, la sivyo bonge halitoki. Midoli inaelea kwa sababu ni myepesi kuliko maji, kwa hiyo unagandisha kwa tabaka. Mimina kama mililita 300, weka friza saa tatu hivi hadi juu pawe pagumu. Panga wanyama wa plastiki, kisha ongeza maji kidogo tu, yafike miguuni mwao. Yakiganda, midoli imeshikwa, ndipo ujaze na kuacha nafasi ya vidole viwili juu. Iache ilale usiku kucha. Maji ya tabaka la pili na la tatu yawe yametoka kwenye friji. Ukimimina ya vuguvugu yanayeyusha ulichogandisha, midoli inapanda tena, unarudi ulikoanzia. Midoli yenye tundu chini, ile ya kuogea, usiitumie: maji hubaki ndani na kuota ukungu.

Maji yawe ya kunywa, yaliyochemshwa au ya chupa, maana wataramba tu, hata ukikataza. Barafu ya kuhifadhia samaki haifai hapa.

Kuhusu kunata: friza ya nyumbani ni kama nyuzi 18 chini ya sifuri. Barafu ikiwa kavu na nyeupe nyeupe, mate yanaganda papo hapo na ngozi inashikwa. Bonge likitoka, liache mezani dakika 10 hadi ling'ae na kulowa. Mtoto akinasa, usimvute. Mmiminie maji ya vuguvugu pale pale.

Weka bonge kwenye sinia au beseni bapa, chini yake kitambaa kilicholowa ili lisikimbie kimbie. Kwa pacha mabonge mawili, masinia mawili. Moja litaleta vita. Wape kijiko cha mbao, brashi pana ya rangi, sponji, na bakuli la maji ya vuguvugu uliyoyapima kwa kiwiko. Sponji ndiyo yenye kazi: wanachovya, wanakamua juu ya barafu, wanaona shimo linachimbika. Sirinji usiwape, kile kimpira cha ndani kinaweza kuchomoka. Wewe kazi yako ni kutaja maneno wakati mkono uko pale pale: baridi, ngumu, inateleza, inadondoka, imeyeyuka.

Bonge la lita moja kivulini, kwa joto la Dar la Januari, linawatosha kwa kipindi kizima. Likipungua hadi kukaribia ngumi ya mtoto, liondoe.

FundiFriji_Buguruni

Naongezea upande wa friza tu. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, ndiyo maana ya hiyo nafasi ya vidole viwili. Chombo cha kioo kitapasuka, na vipande vya kioo ndani ya barafu huvioni. Plastiki nyembamba ya mara moja nayo inachanika.

Kopo likae chini kabisa kwenye sakafu ya friza, lisigusane na nyama. Msibandike makopo manne ya maji ya moto kwa pamoja, mashine itafanya kazi mfululizo na luku italiwa bure. Yapoe kwanza.

Kulitoa: usigonge kopo. Lichovye kwenye maji ya bomba nusu dakika hadi dakika moja, geuza, litateremka lenyewe. Maji ya moto hapana. Barafu ikipata joto la ghafla inapasuka, na mipasuko yake ina ncha kali.

Umeme ukikatika, acha mlango umefungwa.

Baba_Junior_K

Mbona hamjataja chumvi? Unanyunyizia juu ya bonge, linachimbika mashimo mazuri sana, na ukiweka rangi ya chakula yanaonekana hadi ndani.

Nesi_wa_Watoto

Kaka, mashimo ni mazuri kweli, lakini si kwa umri huu. Chumvi haipashi barafu joto, inashusha kiwango cha kuganda. Mchanganyiko wa barafu na chumvi unakuwa baridi zaidi ya barafu yenyewe, unaweza kuunguza ngozi. Tena mtoto wa miezi 20 ataibugia chumvi, na chumvi nyingi kwa mwili mdogo ni hatari. Subiri wafike miaka minne au mitano, na mnyunyizaji awe mtu mzima.

Mama Pacha, mwambie bibi kwa heshima zote kwamba nimonia inaletwa na vijidudu, si kushika barafu. Ila hoja yake ya kulowa isikilize: mchezo ukiisha, wafute na kuwabadilisha nguo.

Jambo ambalo sijaona mtu akiligusa ni selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell). Mtoto mwenye selimundu, baridi inaweza kumwamshia maumivu makali. Huyo asichezee barafu. Mpe maji ya vuguvugu na sponji hizo hizo. Kama una kituo cha kulelea watoto, uliza wazazi kabla ya kuandaa kitu.

Muda: dakika 15 hadi 20 zinatosha. Asishikilie bonge mfululizo. Kila baada ya sekunde kumi hivi mwelekeze kwenye kijiko au maji ya vuguvugu. Vidole vikiwa vyekundu na analia, au vikipauka, simamisha, vipashe kwa maji ya vuguvugu, usivisugue.

Na usiondoke hata kufungua geti. Mtoto anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita tano. Vigae vikilowa navyo vinaangusha, bora mchezo uwe nje kwenye saruji au mkekani.

MamaPacha_Tabata

Asanteni sana, chumvi nimeifuta kwenye orodha. Na rangi je? Naona wengine wanatumia rozela.

Mwalimu_wa_Awali

Rozela iliyochemshwa bila sukari ni nzuri, mchicha uliosagwa na kuchujwa nao unatoa kijani. Bizari ya manjano iogope: saruji, kanga, vidole, vyote vitabaki njano siku kadhaa. Sukari usiweke kabisa, sisimizi watafika kabla yenu.

Barafu yenye rangi ifanye ya kuchorea. Jaza kikombe cha plastiki cha mililita 200, funika kwa karatasi ya foili, toboa katikati, chomeka kijiko imara cha plastiki. Foili inakishikilia kisimame wima hadi maji yagande, saa tano hivi. Mtoto anashika mpini, mkono haupati baridi, anachora kwenye karatasi ya kaki. Hata barafu isiyo na rangi inachora kwenye saruji iliyopata jua la asubuhi, na mchoro unakauka huku wanautazama. Kipande cha barafu kikianza kulegea kwenye mpini, kitoe.

Maji yaliyobaki yamwage kwenye maua siku hiyo hiyo na makopo yageuze chini juu. Mbu wa dengi hutaga kwenye vimaji hivyo hivyo.