Tupeane uzoefu: hendibreki ya pikapu ya zamani haishiki, ulianzia wapi?

Wakuu, salaam. Nina Hilux ya mwaka 1994, ile ya hendibreki ya kuvuta chini ya dashibodi. Nakaa Lushoto, huku kuegesha ni mlimani tu. Juzi nimepakia kabichi, nikavuta hendibreki mpaka mwisho, nikashuka. Gari likaanza kurudi nyuma taratibu, na mwanangu alikuwa kule nyuma anafunga turubai. Nilimpigia kelele akaruka pembeni. Bado sijapata usingizi mzuri. Fundi alikaza waya wa hendibreki, siku tatu ukalegea tena. Aliyepitia haya anisaidie.

Wa Mbeya: Pole sana mkuu, tushukuru mtoto yuko salama. Waya uache kwanza. Mimi niliukaza mpaka nati ikamaliza uzi, kumbe brekishuu, vile vipande vinavyobana, zimelika na ziko mbali na dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu. Tulilegeza waya wote, tukafungua dramu. Ilikuwa imeng'ang'ania, tukaingiza bolti mbili za milimita 8 kwenye yale matundu mawili ya usoni, tukazikaza kwa zamu mpaka ikatoka. Ajasta, kile kigurudumu cha meno kinachosogeza brekishuu karibu na dramu, tukaizungusha jino moja moja, hadi dramu ikawa inakwaruza kwa mbali ukiizungusha kwa mkono. Waya ulikuja mwisho.

Wa Likoni: Kwangu ilikuwa chumvi, maana navuka na feri karibu kila siku. Nyuma ya kila gurudumu la nyuma, pale waya unapofikia, kuna kichuma kilichopinda kinachozunguka kwenye pini. Nililala chini ya gari, magurudumu ya mbele tumeyawekea mawe, mke wangu akavuta hendibreki. Cha kulia kikacheza, cha kushoto hata chembe. Pini ilikuwa imeganda kwa kutu. Na kwenye Hilux hizi ajasta hujikaza ukivuta hendibreki, kwa hiyo kichuma kikiganda, ajasta haijikazi, na hata pedali ya breki ya mguu inazidi kushuka. Msiegeshe kwa gia peke yake, hendibreki ivuteni kila siku.

Wa Morogoro: Ukifungua dramu angalia mafuta. Yangu ya difu, zile gia za katikati ya ekseli ya nyuma, yalivuja kwenye sili ya ekseli, ule mpira wa kuzuia mafuta, yakalowesha brekishuu. Nilizipangusa kwa petroli, zikashika siku mbili tu. Nilinunua mpya za pande zote mbili, na sili.

Mleta mada: Ahsanteni mno. Leo nimelala chini kama ndugu wa Likoni: kushoto kimeganda kabisa, nyundo haikitikisi. Wewe ulikitoaje?

Wa Likoni: Usikigonge sana, utapinda pini. Loweka kwa mafuta ya kulegeza kutu, kiache usiku kucha, asubuhi kichezeshe kidogo kidogo kwa koleo. Mafuta yasiingie ndani ya dramu. Kikishalegea kitoe, piga msasa pini na tundu lake, paka grisi, rudisha kile kifuniko cha mpira. Kama kimepasuka nunua kingine, maji hupitia hapo.