Kikundi cha familia: Musyoka Apone

*Jumanne jioni*

Mjomba Mutua (mweka hazina): Jamani, hospitali wanataka pesa za kipimo kingine, cha kromosomu. Si tulishaambiwa Musyoka ana lukemia, saratani ya damu? Huu mchango ni wa dawa na pleteleti, zile chembe za kugandisha damu.

Kevo: Mjomba ameongea 👏

Mwende (maabara): Mjomba, kwa heshima, kati ya vipimo vyote hicho ndicho singekubali kirukwe. Lukemia kali ziko nyingi na hazitibiwi sawa. Ya Musyoka wanashuku ni ile ambayo kipande cha kromosomu 15 na cha 17 vimekatika vikabadilishana mahali (kromosomu ni zile nyuzi zinazobeba jeni ndani ya chembe). Pale vinapoungana, jeni ya PML inashikana na ya RARA, na chembe changa za damu zinakwama, hazikomai. Zile fizi kuvuja damu mliziona. Huu ugonjwa unavuruga kuganda kwa damu, na mtu anaweza kuvujia ubongoni akaenda haraka.

Shangazi Ndinda: Mungu wangu. Ni wa kurithi? Na vile ana watoto.

Mwende: Hapana shangazi. Hayo mabadiliko yametokea kwenye uboho wake tu, hakuzaliwa nayo. Watoto msiwapeleke kupimwa.

Shangazi Ndinda: Asante. Kuna mtu hapa Umoja ameshaanza kuongea mambo ya laana. Sasa nina la kumjibu.

Kevo: Kama ni hatari hivyo mbona wamempa tembe tu? Kemo iko wapi?

Mwende: Hizo tembe ni tretinoini, na ndizo zinasukuma chembe zilizokwama zikomae. Madaktari wa Shanghai ndio walianza kutibu nazo miaka ya 1980. Daktari akishuku tu anaanza nazo siku hiyohiyo, majibu yatamkuta njiani. Ukiongeza aseniki, wagonjwa ambao chembe nyeupe hazijapanda sana hupona zaidi ya 90 kwa kila 100, wengi bila kemo kabisa.

Mjomba Mutua: Aseniki?? Si hiyo ni sumu ya panya!

Mwende: Ndiyo hiyo 😅 Lakini kwa dozi ya daktari, kwa dripu, na moyo unapimwa kila mara.

Mjomba Mutua: Haya. Na kipimo kikisema siyo hiyo?

Mwende: Basi wanabadilisha njia. Zikiwa ni kromosomu 8 na 21 zimebadilishana vipande, kemo ya kawaida huwa inafanya kazi vizuri. Zikiwa 9 na 22, anaongezewa tembe za imatinibu au dawa za aina yake. Ikiguswa jeni ya KMT2A kwenye kromosomu 11, hiyo mara nyingi ni sugu, na mazungumzo ya kupandikiza uboho yanaanza mapema. Kwa darubini peke yake huwezi kuzitenganisha kwa uhakika.

Mama Musyoka: Mwende, mimi nimemnunulia vitamini A kwa duka la dawa, juu nesi alisema hizo tembe zinatokana nayo. Nimpe ngapi?

Mwende: Mama, USIMPE hata moja! Zikipandana na tretinoini zitamdhuru. Aspirini na brufeni pia hapana, zitaongeza kuvuja. Ukiona homa, akihema kwa shida, au miguu ikivimba, ita nesi hapohapo, usingoje raundi ya asubuhi. Hali hiyo inatokea wakati chembe zinakomaa kwa wingi, na ina dawa ikiwahiwa.

Mama Musyoka: Nimesikia mwanangu. Nazirudisha dukani.

Mjomba Mutua: Pesa ya kipimo nimetuma, ujumbe wa M-Pesa mtauona. Sampuli inapelekwa na nani?

Kevo: Mimi, na piki. Niiweke kwa barafu?

Mwende: Wee! Usigandishe. Chembe lazima zifike hai, wanazikuza kwanza ndio waone kromosomu. Mrija wa kifuniko cha kijani ni wa hiyo, wa zambarau ni wa PCR, kipimo cha kutafuta ile jeni iliyoungana. Hakikisha umepewa yote miwili na jina lake limeandikwa.

Kevo: Sawa. Nitakwepa Outering, asubuhi huwa imefungana.

Shangazi Ndinda: Pleteleti bado zinatakikana. Kesho saa tatu natoka na Baba Mumo kwenda kutoa. Nani mwingine?

Mjomba Mutua: Niandike.