Redio ya Android ya gari haioni hotspoti ya simu, na ikiiona muziki wa Bluetooth unakatakata

Usukani

Habari wakuu. Nina redio ya gari ya Android, kioo cha inchi 9, RAM GB 2, haina sehemu ya kuweka laini. Nataka itumie intaneti ya simu kwa ramani na muziki wa mtandaoni. Simu ni Android mpya kiasi. Mambo yanayosumbua:

1. Nikiwasha hotspoti, simu nyingine zinaiona lakini redio haiioni kwenye orodha ya Wi-Fi. Siku nyingine inaiona bila mimi kugusa chochote.
2. Ikishika vizuri, nikizima gari na kuliwasha baada ya muda haijiungi yenyewe mpaka niwashe hotspoti upya.
3. Muziki ninaourusha kutoka kwenye simu kwa Bluetooth unakatakata pale tu redio inapokuwa kwenye hotspoti. Nikikata Wi-Fi, unatulia.

Halafu bando linaisha haraka mno kwa muziki tu. Redio ni mbovu, au kuna mpangilio nimeuruka? Waya wa USB ungefaa zaidi?

Masafa24

Redio ni nzima, mkuu. La kwanza ni suala la masafa. Simu za sasa hurusha hotspoti kwa 5 GHz, au zinajichagulia zenyewe kati ya 2.4 na 5, wakati redio nyingi za bei ya chini zina chipu ya Wi-Fi ya 2.4 GHz pekee. Chipu ya 2.4 haiuoni mtandao wa 5 hata simu ukiiegemeza kwenye kioo cha redio. Ndiyo maana simu ikiangukia 2.4 unaiona, ikiangukia 5 inapotea.

Ingia Mipangilio, kisha Mtandao na intaneti (Samsung ni Miunganisho), fungua mipangilio ya hotspoti na utafute bendi (yaani masafa). Chagua 2.4 GHz. Kwenye baadhi ya simu, kama Pixel zenye Android ya nyuma kidogo, hakuna neno bendi. Kuna swichi ya kuongeza uoanifu, ukiiwasha simu inashuka 2.4. Kwa mwenye iPhone 12 au ya baadaye, swichi hiyo inaitwa "Maximize Compatibility" na iko ndani ya "Personal Hotspot".

Ukiwa hapo hapo rekebisha na haya:

Usalama (aina ya ulinzi wa Wi-Fi) uwe WPA2, si WPA3. Redio nyingi hazijui WPA3. Dalili yake ni kwamba unaandika nenosiri sahihi, redio inasema imehifadhi mtandao au uthibitishaji umeshindikana, na haiendi mbele. Usiamini ukurasa wa Kuhusu unaosema Android 12 au 13, maana redio za aina hii mara nyingi huandikwa namba kubwa kuliko Android iliyomo. Weka programu kama AIDA64 uangalie kiwango cha API (namba inayoonyesha toleo halisi la Android): 27 ni Android 8.1, 29 ni Android 10.

Jina la hotspoti liwe herufi na tarakimu tu. Nafasi, emoji na ritifaa (alama ya ') huzichanganya baadhi ya redio. iPhone hutumia jina la simu kama jina la hotspoti, na jina lile la kiwandani la Kiingereza huwa na ritifaa, kwa hiyo libadilishe.

Ukishabadilisha, nenda kwenye redio, bonyeza jina la mtandao na uchague kuusahau, halafu ujiunge upya. Usiiruke hatua hii, kwa sababu redio inakuwa imehifadhi aina ya zamani ya usalama na itaendelea kuijaribu hiyo hiyo.

La pili: simu nyingi za Android huzima hotspoti zenyewe ikikaa kama dakika 10 bila kifaa chochote. Ukizima gari, redio inalala, Wi-Fi yake inakatika, simu inabaki peke yake na kuzima. Unaweza kuondoa huko kujizima kwenye mipangilio ya hotspoti, lakini betri ya simu itaumia siku nzima bila sababu. Njia nzuri zaidi ni kuifanya Bluetooth iwe kichocheo. Kwenye Samsung fungua "Modes and Routines" utengeneze utaratibu: redio ikiunganishwa kwa Bluetooth, washa hotspoti, ikikatika, zima. Simu nyingine hutumia programu ya nje kama MacroDroid au Tasker. Matoleo mapya ya Android yanazibana programu za nje zisiguse hotspoti, hivyo jaribu kwanza kabla ya kulipia chochote.

iPhone ina tabia yake: ukitoka kwenye ukurasa wa hotspoti na hakuna kifaa kilichojiunga, baada ya muda mfupi inaacha kujitangaza. Uache ukurasa huo wazi mpaka redio ijiunge.

WayaMwekundu

Naongezea kwenye namba 3, maana hapo watu wengi hubadilisha redio bure.

Bluetooth na Wi-Fi ya 2.4 wanakaa kwenye masafa yale yale, kuanzia 2400 MHz hadi takribani 2483. Ndani ya redio nyingi wote wawili wako kwenye chipu moja na antena moja, kwa hiyo wanapokezana zamu. Muziki wa Bluetooth unahitaji data iingie mfululizo, Wi-Fi nayo inavuta ramani, na zamu ikichelewa kidogo tu unasikia mkato. Simu nayo iko kwenye hali hiyo hiyo: inarusha hotspoti ya 2.4 na muziki wa Bluetooth kwa pamoja. Msongamano uko pande zote mbili.

Dawa ni kuacha kurusha muziki kwa Bluetooth. Redio ikishapata intaneti, weka programu ya muziki ndani ya redio yenyewe icheze kutoka huko. Bluetooth ibaki ya kupigia simu: kwenye simu fungua Bluetooth, bonyeza alama ya gia pembeni ya jina la redio, zima sauti ya muziki, acha ya simu. Ukitaka lazima muziki utoke kwenye simu, tumia waya wa AUX wa mm 3.5 kama redio na simu zina matundu yake.

Kama redio yako inashika 5 GHz (ipeleke karibu na ruta yenye mtandao wa 5 wenye jina lake pekee uone kama itaorodheshwa), basi rudisha hotspoti kwenye 5 na ugomvi unaisha.

Halafu angalia antena. Nyuma ya redio kuna soketi ndogo ya antena ya Wi-Fi na Bluetooth, na antena yenyewe ni kijiti kifupi cheusi au kiwaya chembamba kilichovikwa plastiki. Mafundi wengi huiacha imekunjwa nyuma ya redio, imebanwa kati ya bodi ya redio na kizimba cha chuma cha dashibodi, na wengine hawaifungi kabisa. Toa redio, ivute antena hadi nyuma ya plastiki juu ya kisanduku cha dashibodi, mbali na chuma, uishike kwa utepe wenye gundi pande mbili. Usiichanganye na antena ya GPS, ile ya mraba yenye sumaku na waya mrefu. Kwenye baadhi ya redio soketi zake zinafanana. Baada ya kufunga, pima kwa programu inayoonyesha dBm (nguvu ya mawimbi, ikikaribia sifuri ndiyo nzuri). Simu ikiwa kati ya viti viwili vya mbele, -50 hadi -60 ni safi. Ukiona -75 simu ikiwa hapo hapo, antena haijakaa.

Usukani

Asanteni sana wakuu. Nimeweka 2.4 na WPA2, nimesahau mtandao na kujiunga upya, imeshika papo hapo. Antena nimeikuta imejikunja nyuma kama mlivyosema. Sasa kuna jipya: redio inaandika "Imeunganishwa, hakuna intaneti". Simu yenyewe inaperuzi vizuri.

Masafa24

Kwanza unganisha simu nyingine kwenye hotspoti hiyo hiyo. Ikipata intaneti, kosa liko kwenye redio. Isipopata, kosa liko kwenye simu au laini, na redio usiiguse.

Kama ni redio, tazama tarehe. Redio ikipoteza saa na kurudi miaka ya nyuma, vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana kuwa bado havijaanza kutumika, na karibu kila kitu kinagoma ingawa Wi-Fi imeshika. Weka tarehe na saa kwa mkono, mtandao ukifunguka ndipo uwashe saa ya kiotomatiki. Saa ikirudi nyuma kila ukizima gari, waya wa njano nyuma ya redio haupati umeme wa kudumu. Waya wa njano ni wa volti 12 za muda wote, mwekundu ni wa swichi ya ufunguo. Fundi akiwaunganisha wote wawili kwenye swichi, redio inazimika kabisa badala ya kulala, na kila asubuhi inaanza kuwaka kutoka mwanzo. Hilo pekee linachelewesha Wi-Fi kujiunga. Pima kwa mita: ufunguo ukiwa umetolewa, njano isome karibu volti 12, nyekundu isome sifuri.

Kama ni simu, zima Kiokoa data. Kwenye simu nyingi kikiwa kimewashwa hotspoti haitoi intaneti. Ikishindikana, fungua mipangilio ya APN (ya data ya laini) na kwenye aina ya APN andika `default,supl,dun` bila nafasi baada ya koma. Baadhi ya mitandao hutenganisha data ya simu na data ya kugawa kwa kutumia hilo neno la mwisho. Na vipo vifurushi visivyoruhusu kugawa intaneti kabisa. Hapo utaona vifaa vyote vinashika bila kupata kitu, na jibu liko kwa mtoa huduma wako.

ToneLaData

Kuhusu bando: muziki hauna kosa kubwa. Hesabu ni rahisi, zidisha kbps (kasi ya data ya muziki) kwa 0.45 upate MB kwa saa. Muziki wa 96 kbps ni kama MB 43 kwa saa, 160 ni MB 72, 320 ni MB 144. Video ya Mbps 1 tu ni MB 450.

Anayekula ni redio yenyewe. Ikiona Wi-Fi inadhani ni intaneti isiyo na kipimo, inaanza kusasisha programu zote zilizokuja nazo. Android inayorusha hotspoti huwa inaiarifu Android inayopokea kwamba data inapimwa, lakini mifumo ya redio iliyochezewa na watengenezaji usiitegemee. Fanya kwa mkono:

Kwenye redio fungua mtandao huo wa Wi-Fi, ingia matumizi ya mtandao, uchague uhesabiwe kama unaopimwa data. Kisha Play Store, mipangilio, mapendeleo ya mtandao, weka programu zisijisasishe. Zima na programu za kiwandani usizotumia. Ramani ya eneo unalozungukia ipakue mapema kwa Wi-Fi ya kawaida, na uangalie mpangilio wa ramani kujisasisha kwa "Wi-Fi pekee", kwa sababu kwa redio hotspoti yako nayo ni Wi-Fi.

Upande wa simu, kwenye matumizi ya data kuna mstari mmoja wa data iliyogawiwa kwa hotspoti. Usome leo, usome tena kesho baada ya mabadiliko, utajua kama umeziba tundu. Simu kadhaa zina pia kikomo cha MB ambapo hotspoti inajikata yenyewe, kiweke.

WayaMwekundu

Kwenye swali la USB: ikikubali ni njia safi kuliko zote, maana Wi-Fi ya redio unaizima na Bluetooth inabaki na masafa yake. Ila si kila redio inakubali. Mfumo wa redio lazima uwe na draiva ya kupokea mtandao kwa USB (mara nyingi huitwa RNDIS), na watengenezaji wengi hawaiwashi. Jaribu hivi: waya wa data (si wa kuchaji tu), simu kwenye USB ya redio, washa kusambaza mtandao kupitia USB, zima Wi-Fi ya redio, fungua kivinjari. Kurasa zikifunguka, umemaliza. Zisipofunguka kwenye tundu la kwanza, hamia la pili, kwa sababu tundu moja mara nyingi limeshikwa na programu ya Android Auto au CarPlay ya redio. Kwa iPhone usitarajie sana, inahitaji draiva yake tofauti.

Swichi hiyo hujizima kila ukichomoa waya. Ili isikusumbue, fungua chaguo za wasanidi programu kwenye simu (bonyeza namba ya muundo mara 7), tafuta mpangilio chaguo-msingi wa USB, uweke kusambaza mtandao. Hapo ukichomeka na kufungua kioo cha simu inajiwasha.

Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa mA 500, yaani wati 2.5. Simu inayogawa data inaweza kula zaidi ya hapo, kwa hiyo usishangae asilimia zikishuka huku imechomekwa. Ukibaki na Wi-Fi, chaji simu kwa chaja ya wati 18 au zaidi kwenye tundu la volti 12, na uiweke chini penye kivuli. Simu inayochaji, inarusha hotspoti na imelala juu ya dashibodi kwenye jua inapata joto, kasi inashuka, mwisho inaacha kuchaji.

Kugawa kwa Bluetooth kunatoa Mbps 1 hadi 2 hivi, inatosha muziki na ramani, lakini redio nyingi zina moduli ya Bluetooth ya pembeni inayojua simu na muziki tu. Ukifungua Bluetooth ya redio ukakuta ukurasa wa mtengenezaji wenye vitufe vya kupigia namba badala ya mipangilio ya Android, usipoteze muda.

ToneLaData

Na kama redio ina Android Auto au CarPlay, hotspoti huihitaji kabisa. Ramani na muziki vinaendeshwa na simu kwa data ya simu, redio ni kioo na spika tu. Ile isiyo na waya hutumia Wi-Fi kwa mwelekeo wa kinyume: simu inajiunga na Wi-Fi ya redio. Kwa hiyo ukiwasha hotspoti ya simu wakati huo huo, mara nyingi moja kati ya hizo mbili itakatika. Chagua moja, na ile nyingine uifute kwenye orodha ya mitandao iliyohifadhiwa ili redio isiirukie kila inapowaka.